Naomba ushauri: mvua inatuvurugia mazoezi ya igizo la uwanjani

Wakuu, habarini. Wakubwa zangu, shikamooni.

Tuko Bagamoyo, kikundi cha watu 14, tunaandaa igizo kuhusu wapagazi waliokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani karne ya 19. Jukwaa letu ni uwanja wa mchanga karibu na ufuko, halina paa. Tulijua masika ni Machi hadi Mei, tukajidanganya kwamba mwishoni mwa Mei mvua itakuwa imekata. Wapi! Wiki hii tumefanya mazoezi siku moja tu kati ya nne.

Kinachonitesa zaidi ni ngoma. Ngozi zikinyonya unyevu zinalegea, ukipiga unasikia kama unapiga godoro. Juzi tumekaa dakika 40 tukiziwamba kwa moto wa makuti; ya kwanza inaanza tu kulia vizuri, manyunyu hayo. Waigizaji wakaanza kuaga mmoja mmoja, maana bodaboda mvua ikinyesha wanapandisha bei.

Turubai tulijaribu, upepo wa kusi ukaling'oa na vigingi vyake. Ukumbi upo, ila mwenyewe anataka hela ya siku nzima, na msafara wa wapagazi uingilie wapi, mlango wa choo?

Onyesho ni Jumamosi ya pili ya Juni. Wenye uzoefu, huwa mnaweka siku ngapi za akiba? Waliokwisha lipa kiingilio mnawaambiaje mkiahirisha? Na ngoma mnazihifadhi vipi usiku?