Mrejesho: fonti iliyochakaa kwa lebo ya kahawa, Moshi

Wakuu nimerudi. Niliomba fonti (mtindo wa herufi) ya serifu, yaani yenye vijimkia kwenye ncha za herufi, ya kizamani na yenye kingo zilizolika, ya mifuko ya kahawa ya mteja wangu hapa Moshi. Nimechukua IM Fell kama mlivyosema, ni ya bure na imetokana na herufi alizokusanya askofu John Fell kule Oxford karne ya 17, na jina kubwa kwenye mfuko wa kaki limetoka bomba aisee. Ila KAHAWA ina A tatu na zote zina kovu lilelile, ikabidi nizigeuze kuwa maumbo (michoro, si maandishi tena) nizichokonoe mojamoja. Maandishi madogo ya uzito wa kahawa yamegoma, wino umeziba matundu ya e, hapo nimeweka serifu safi ya kawaida. Asanteni sana, hasa dada wa Arusha.