Naomba ushauri: kurudi National Guard baada ya kuachishwa kwa sababu ya afya

Wakuu, hasa mlioko Marekani, habari za majukumu.

Niliingia Army National Guard (askari wa akiba wa jimbo) nikiwa na green card. Kabla sijamaliza mafunzo ya awali, mfupa wa muundi ukapata ufa kwa kukimbia na mizigo, nikarudishwa nyumbani. DD-214 yangu (hati ya kuachishwa jeshi) inasema RE-3, msimbo unaoonyesha kama naweza kuandikishwa tena, na kuachishwa kwenyewe hakukupewa sifa, nzuri wala mbaya. Mguu umepona. Nafanya kazi ghalani usiku, nasimama zamu nzima bila maumivu, na mbio nimezianza tena.

Jeshi la kudumu silitaki. Guard ni wikiendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, inaendana na kazi na watoto. Najua RE-3 haifungi mlango, ila inadai weva, yaani ruhusa maalum. Rikruta (anayeandikisha askari) niliyemwona alisema atanipigia. Mpaka leo kimya.

Aliyepitia hili anisaidie: ulipeleka barua ya daktari wa mifupa na eksirei mpya kabla ya kuitwa MEPS (kituo cha kupima wanaoomba kujiunga na jeshi), au ulisubiri waombe wenyewe? Kuna jamaa ananiambia nisiutaje kabisa huo ufa. Huyo simsikilizi, rekodi wanaziona kwenye MHS Genesis, mfumo wa jeshi wa rekodi za afya, na kudanganya kwenye fomu ni kosa kisheria.

Na weva ikigonga mwamba, kuna aliyejaribu Guard ya jimbo jirani au Army Reserve (akiba ya jeshi la shirikisho) akafanikiwa? Mke wangu ananiona kichaa, lakini hilo tutamalizana wenyewe.