Tupeane uzoefu: lugha ya mtaani ya Wamarekani weusi ilikukutaje?

Mzee wa Ghala:
Wakuu, habari za majukumu. Niko Houston mwaka wa nane, kazi yangu kupanga mizigo ghalani. Wiki ya kwanza nilitinga na raba mpya. Mwenzangu wa zamu, Mmarekani mweusi, mtu mzima, akaziangalia, akatikisa kichwa: "Man, those shoes bad!" Nilinywea. Kesho yake nikaja na raba zangu kuukuu za kutoka Dar. Mzee akauliza zile mpya zimekwenda wapi. Kumbe alikuwa ananisifia! Na mimi ndiye yule ambaye kutwa nasema fulani anapiga gitaa "hatari", pilau la leo "noma". Ujanja ni ule ule wa kulipindua neno baya lisifie, na bado nikaingia mkenge.

Sasa mwaka jana msimamizi wetu, Mzungu, kaja kwenye kikao cha asubuhi anatuahidi bonasi, anamalizia na "no cap". Yaani sio kamba. Ghala zima kimya. Mzee akanikonyeza tu. Tangu siku ile sijalisikia tena zamu yetu, hata kwa vijana. (Bonasi nayo sijaiona.) Leteni za kwenu.

Msee wa Eastlands:
Nilitua Minneapolis nikiwa na miaka 15. Saa ya chakula shuleni nikakuta vijana wamejipanga duara, wanachambuana mama zao na hakuna anayepigana. Wazee wao huuita mchezo huo "the dozens". Nikajiambia, si hii ni mchongoano? Mmoja akanigeukia, akalichoma koti langu mpaka nikaona haya. Nikarusha yangu, nikitafsiri papo hapo: nyumba yenu ni ndogo hadi mkipika chapati lazima mtoke nje kuigeuza. Chapati hawakuijua. Nikairudia na "pancake", watu wakaanguka. Kabla ya hapo nilikuwa nakula peke yangu.

Sheria ni ile ile ya kwetu Nairobi: ukikasirika kwanza, umeshindwa. Mwalimu hakuelewa, akaandikia wazazi barua kwamba tunatukanana.

Dada Mlezi:
Mimi natunza wazee majumbani. Nina bibi wangu mmoja, mzaliwa wa Alabama, kavuka 90. Jina lake tupu huwezi kumwita, atakununia kutwa. Ni "Miss" kwanza, ndipo jina. Basi siku moja tunaangalia taarifa ya habari, mwanasiasa anasema "woke" kama mtu anayetema kitu kichungu. Bibi akachukua rimoti akazima. Akaniambia, "Mama yangu alitwambia 'stay woke' kila tukitoka usiku. Si siasa, ni ili turudi nyumbani."

Nikaenda kusoma. Mwanamuziki Lead Belly mwaka 1938 alirekodi wimbo kuhusu vijana tisa weusi waliosingiziwa ubakaji Alabama mwaka 1931, na mwishoni akawaasa watu wake wakipita huko wawe macho, kwa neno hilo hilo. Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley akaandika kwenye New York Times jinsi Wazungu wanavyozikimbilia lugha hizi, na weusi wakishaona hivyo wanahamia maneno mengine. Kamusi ya Oxford ikaliingiza "woke" kwa maana hiyo ya kuwa macho mwaka 2017. Na leo limegeuzwa tusi. Bibi anasema kwake halijabadilika.

Kijiba:
Lugha haina hatimiliki jamani. Mbona sisi tunasema "swaga" na hatumlipi mtu?

Binti Saluni:
@Kijiba ngoja. Mwaka 2014 msichana wa miaka 16, Kayla Newman, alijirekodi ndani ya gari kwa sekunde chache akisifia nyusi zake: "on fleek", yaani zimekaa sawasawa kabisa. Miezi michache, makampuni makubwa yanalitumia kujitangazia. Mimi nachonga nyusi, nilikuwa nalisikia kwa kila mteja. Yeye mwaka 2017 alikuwa anachangisha fedha mtandaoni aanzishe biashara ya vipodozi. Anayesema bure ni mmoja, anayeuza ni mwingine. Hapo ndipo panapouma.

Mama wa Wawili:
Langu ni la mwanangu wa kwanza. Aliandika insha: "My uncle be working at night." Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu, akaandika ni kosa. Nikamuuliza mtoto kwa nini hakuandika "is working"? Akanijibu, "Mama, 'he working' ni sasa hivi. 'He be working' ni kila siku." Nikakaa. Hiyo si ndiyo anafanya na hufanya? Kiingereza cha shuleni kwa hilo kinasema "he works", Wamarekani weusi wanamaliza na "be" moja. Sisi tunamaliza na "hu-".

Mwaka 1996 bodi ya shule za Oakland, California, ilipotaka lugha hii itambuliwe ili watoto wafundishwe Kiingereza sanifu kwa kuanzia pale walipo, nchi nzima iliwacheka. Mwanangu nilimwambia insha andika kama mwalimu anavyotaka. Nyumbani usiache.

Mtu wa Tanga:
Yangu imekwenda kinyumenyume. Nilialikwa Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi ya siku saba, kila siku na nguzo yake, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, majina yote Kiswahili. Mpaka stempu ya posta Marekani waliitolea mwaka 1997. Siku ya kwanza, mlangoni, mama mmoja mwenye kilemba akanipokea kwa sauti: "Habari gani!" Machozi yalinilenga. Nikainama kidogo: "Nzuri mama, shikamoo." Akanikazia macho. Nyuma yake watu wakaitikia kwa pamoja, "Umoja!" Kumbe jibu la siku ni nguzo ya siku.

Akanivuta pembeni jikoni, akatoa kalamu kwenye mkoba. "That last word you said. Spell it for me."