Mjadala: Ramani ya karatasi bado ina kazi safarini?

Mada hii ikiguswa tu, watu hugawanyika. Kuna wanaosema simu imemaliza kila kitu: andika unakokwenda, fuata sauti, umefika. Na kuna wanaosema karatasi haiishi chaji wala haihitaji mtandao. Mimi ni wa karatasi, ila sababu zinazotolewa na wenzangu nyingine hazina miguu.

Hii ya mtandao, kwa mfano. GPS haihitaji bando. Simu hupokea mawimbi ya setelaiti zilizo kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ikizipata nne inapiga hesabu ya mahali ulipo, hata kama haina laini. Kinachohitaji intaneti ni ramani inayoonekana kwenye kioo, na hiyo unaweza kuipakua kabla ya kuondoka. Anayekwama porini akilaumu mtandao hakujiandaa, basi. Na mjini sibishani na mtu: foleni na barabara iliyofungwa leo asubuhi, karatasi itayajulia wapi? Hata usahihi si tatizo: Marekani, yenye mfumo huo wa GPS, iliacha kuivuruga kwa makusudi GPS ya raia Mei 2000, na tangu hapo penye anga wazi inakosea kwa mita chache tu.

Ugomvi wangu unaanza nje ya mji. Simu inakwambia uko wapi. Haikwambii umezungukwa na nini.

Chukua ramani ya skeli ya 1:50,000. Sentimita 2 ni kilomita 1, kwa hiyo karatasi yenye upana wa sentimita 80 inakutandazia kilomita 40 mara moja: mto unakotoka, unapokatiza barabara, daraja lilipo, vijiji vya ng'ambo. Zitafute kilomita 40 hizo kwenye simu. Ukipunguza ili uzione zote, vijito na majina vinapotea. Ukikuza ulione daraja, mto wote uliobaki umetoka nje ya kioo.

Halafu kuna kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja: ikibanana, mwinuko ni mkali; ikiachana, ni wa polepole. Tuseme unakwenda kwa miguu, na kwenye ramani ni sentimita 6 kutoka ulipo, yaani kilomita 3. Lakini katikati mistari ya kontua imebanana hadi inakaribia kugusana. Hapo ni genge, hapapandiki. Pembeni kidogo mistari inaachana, mgongo wa kilima unashuka polepole. Ni sentimita 9, kilomita 4 na nusu, na utafika na magoti yako. Uamuzi huo unaufanya ukiwa umekaa chini, kabla hujachoka. Zipo programu za wapanda milima zenye kontua, nazikubali, ila nyingi tunazotumia zilitengenezwa kwa ajili ya magari: zinakuchorea mstari wa bluu, nawe unaufuata.

Huko Death Valley, Marekani, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 49, wasimamizi wa hifadhi huwaonya wageni wasitegemee GPS peke yake, wabebe na ramani. Shida huwa haiko kwenye setelaiti. Kifaa kinajua vizuri gari lilipo, ila barabara kinayoielekeza imeachwa miaka mingi au haipitiki.

Najua nitajibiwa kwamba karatasi nayo huanza kupitwa na wakati siku ile ile inapochapwa. Ni kweli. Barabara mpya haimo. Lakini bonde na mlima havihami, na tarehe ya kuchapwa imeandikwa pale pale pembeni ukitaka kujua uiamini kiasi gani. Jibu linaloniuma zaidi ni kwamba wengi wetu tumesahau kuisoma. Ukiinunua ramani na dira ukavitia kwenye begi bila kujua kaskazini ya sumaku inatofautiana na ile ya ramani, umeongeza mzigo tu.

Sasa wa upande wa simu nijibuni hili: betri imejaa, setelaiti zote zipo, na njia imeshachorwa. Umejuaje kwamba inapitika?