Mjadala: Treni ya jiji ya Pugu ifutwe kwa kuwa SGR imefika?

Msafiri wa Alfajiri (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tujadili bila kuingiza vyama.

Pugu, hapa Dar es Salaam, sasa ina stesheni mbili. Moja ni ya Reli ya Kati, tangu enzi za Mjerumani: ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Nyingine ni ya SGR, reli mpya ya umeme, imeanza kupokea abiria 2024. Tangu hapo, kila nikikaa kijiweni namsikia mtu akisema treni ya jiji ya reli ya zamani imepitwa na wakati, ifutwe, watu wahamie kwenye umeme. Na wengine wanaongezea: mabasi ya mwendokasi ya Gongo la Mboto yakianza, nani atahangaika na dizeli?

Mimi napinga. SGR ikitoka Stesheni, kituo chake cha kwanza ni Pugu. Wa Vingunguti hana chake pale, wa Gongo la Mboto anaiona ikipita. Treni ya zamani inaokota watu njiani, na hiyo ndiyo kazi ya treni ya jiji. Halafu angalieni anayeipanda: mama wa samaki na ndoo yake akitoka Feri, mlinzi anayemaliza zamu ya usiku, mwanafunzi ambaye konda wa daladala hamtaki mlangoni. Huko SGR unatakiwa kuwahi, uwe na kitambulisho, mzigo upite kwenye mashine. Kwa safari ya Dodoma ni sawa kabisa. Kwa kwenda Kariakoo kila siku? Hapana.

Kijana wa Majohe

Mkuu, hoja yako ina huruma nyingi, hesabu kidogo. Nauli ya SGR Dar hadi Pugu ilitangazwa buku moja tu (shilingi elfu moja) 2024, kilomita 19, mtu mzima. Unakaa kwenye kiti, hujakanyagwa, shati halijakunjamana. Mimi nafanya kazi mjini, niko tayari kulipa. Kwa nini tuendelee kutia fedha kwenye mabehewa ya kale wakati njia ya kisasa iko hapohapo? Tumezoea shida mpaka tunaitetea.

Fundi Behewa

Naomba niingie kidogo, maana nimewahi kushika spana kwenye mambo haya.

Kwanza mwanzisha mada umekosea. Pugu haina reli mbili, ina tatu. Umeisahau TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo treni yake ya jiji ilikuwa inaishia Mwakanga. Na kila reli ina upana wake: ya kati milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Kwa hiyo wanaosema "treni zihamishwe tu" wajue behewa la huku halikanyagi kule. Kuhamia SGR maana yake kununua treni nyingine kabisa za safari fupi na kujenga vituo vipya katikati, na pale mjini SGR inapita juu ya daraja, si mahali pa kumwaga kokoto na kuita kituo.

Pili, treni ya kilomita 160 kwa saa haikuundwa kusimama kila baada ya kilomita mbili tatu. Kabla haijashika kasi inafunga breki. Mchongoko, ile treni ya SGR, ukiufanya daladala, unaula umeme bure na unamchelewesha wa Morogoro nyuma yake.

Lakini nawe Msafiri usiipambe sana ya zamani. Ile ni njia moja. Treni ya mizigo ikiwa njiani, ya abiria inasubiri kupishana. Na kutoka mjini kwenda Pugu ni kupanda, kichwa chenye mabehewa yaliyojaa hakikimbii pale. Ukidai treni kila nusu saa, useme na za mizigo zitapita saa ngapi.

Msafiri wa Alfajiri

Asante Fundi, la TAZARA nimekubali, nilighafilika. Ila umenipa silaha. Kadiri mizigo itakavyohamia SGR, reli ya zamani itapata nafasi. Nafasi hiyo wapewe abiria wa jiji. Leo treni inafanya kazi asubuhi na jioni, mchana kimya, halafu tunasema haina abiria!

Kijana wa Majohe, buku unayoisema ni ya kwenda. Rudi, ni buku nyingine. Weka na bodaboda ya kukufikisha stesheni. Kwa wewe mmoja sawa. Kwa nyumba yenye watu watatu wanaotoka kila siku, piga tena hesabu.

Mzee wa Buguruni

Vijana mnajadili kama vile treni ya jiji imekuwepo siku zote. Ilianza Oktoba 2012, watu wakaiita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Njia zilikuwa mbili: Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na ile ya TAZARA. Ya Pugu ilikuja 2016. Kabla ya 2012 Reli ya Kati ilikuwa ikitupita tu, tunahesabu mabehewa ya bara. Reli ipo zaidi ya miaka mia, sisi tunaoishi kando yake tumeanza kuipanda juzi. Mnataka tuiache leo?

Na hiyo mwendokasi, ikijaa mtairudia treni. Mbagala na Kimara tumeona nyomi yake.

Kijana wa Majohe

Mzee, heshima yako. Lakini historia hainifikishi kazini saa mbili. Ikiwa inabaki, basi iongezwe mabehewa na ratiba iheshimiwe. Hapo tutaelewana.

Mama Chanika

Mnabishana reli ipi, mimi nauliza lingine. Nikishuka Pugu saa moja na nusu usiku, iwe umeme iwe dizeli, nyumbani bado Chanika. Daladala zinapakia barabarani, hazingojei stesheni. Bodaboda wakiona treni imefika wanapandisha bei hapohapo. Aliyejenga stesheni mpya angeweka na maegesho ya daladala mlangoni, nusu ya mjadala huu ungekwisha. Kuna anayejua kama yamo kwenye mpango?

Fundi Behewa

Mama, swali lako ndilo lilipaswa kuwa mada.