Mrejesho: Yule niliyeuliza mnapata wapi nguvu ya kuamka

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tatu niliwauliza mnapata wapi nguvu ya kuamka, maana nilikuwa nimepunguzwa kazini na nalala hadi saa sita mchana. Mlijibu mengi. Wa maombi nawashukuru, wa "jiajiri" mlinikera kidogo, nisiwafiche. Mmoja aliniambia: tafuta mtu anayeamka kabla yako, ukakae naye.

Hapa Mbagala mtu huyo ni jirani yangu, mama muuza vitumbua. Saa kumi na moja alfajiri jiko lake la mkaa limeshakolea. Mchele kauloweka tangu jana, kausaga, katia tui, iliki na hamira, na mchanganyiko umeumuka hadi ukingoni mwa ndoo. Wiki ya kwanza nilikaa tu kwenye kigoda natazama. Ya pili akanipa kijiti cha kugeuzia, hakuuliza kitu. Vitumbua vya mwanzo vikang'ang'ania kikaango, nikadhani nimeharibu. Akacheka: "Mwanangu, hata mimi, miaka yote hii, cha kwanza ni cha paka." Na kweli paka yupo pale anasubiri, saa anaijua.

Kazi sijapata, msije mkadhani. Ila sasa saa kumi na mbili hainikuti kitandani, na watoto wa shule wananiita "kaka vitumbua". Barua za maombi naandika saa nne, vidole bado vinanukia iliki. Jumatatu nina usaili Kurasini. Nitawaambia.