Mama ana kisukari: protini kwenye mkojo na ganzi miguuni

Swali: Shikamooni wakubwa. Mama yangu, anayeishi Makete na mwenye kisukari cha muda mrefu, amekutwa na protini kwenye mkojo. Je, aendelee kumeza diklofenaki kwa maumivu ya miguu?

Jibu: Hapana, kwa kuwa protini kwenye mkojo ni dalili ya figo kudhurika, na dawa za jamii hiyo huzidi kuziumiza. Mwulizeni daktari kuhusu amitriptilini kwa maumivu ya neva, na losatani, ambayo hushusha presha na kupunguza protini inayovuja, mradi potasiamu na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) zipimwe.

Jibu: Kwa baridi ya huko, asiote moto kwa miguu yenye ganzi, maana ataungua bila kuhisi; binafsi nalihofia sana jiko la mkaa. Avae soksi, akaguliwe nyayo kila jioni.

Jibu: Kama ametumia metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka mingi, apimwe pia vitamini B12, ambayo upungufu wake nao huleta ganzi.